Kwanini Siku ya Mwisho Mafia Tunakukatalia Mbizi: Hesabu ya Gesi, Bamvua na Safari ya Kurudi

Kila msimu wa kaskazi lazima nibishane na mgeni mmoja au wawili, na ubishi wenyewe ni uleule. Mtu kaja Mafia siku nne, ndege yake ya kurudi Dar ni Jumapili saa nne asubuhi, alafu Jumamosi jua linazama anakuja pale ufukweni Utende ananiambia kaka nipeleke mbizi moja ya mwisho, ya usiku, nataka nione pweza anavyowinda. Namwambia haiwezekani. Mbona bahari imetulia? Ni kweli imetulia. Mitungi ipo? Ipo, imejaa. Boti? Hiyo pale. Sasa tatizo nini kaka, hela nalipa!

Tatizo liko ndani ya mwili wake na halionekani kwa macho, na ndo maana nimeamua kukaa chini niandike yote kwa pamoja, maana watu wetu wameanza kupenda skuba, yaani mbizi za mitungi, zamani boti nzima ilikua wageni wa Ulaya watupu lakini siku hizi napokea vijana wa Dar, wa Dodoma, wa Nairobi, mpaka ndugu zetu wanaotoka Muscat kuja kusalimia ukoo na wao wanataka kushuka, na hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Ila nikitafuta maelezo kwa Kiswahili naona picha nzuri za kasa na papa potwe, basi. Hakuna anayekueleza kwanini tunakuambia hapana, kwanini leo tunashuka asubuhi na wiki ijayo tunashuka mchana, kwanini upande wa nje wa kisiwa haufikiki karibu nusu mwaka. Mtu anadhani ni ukali wa mwongozaji. Ni hesabu. Na sehemu zenye watalii wengi kuna mtu anakupigia hiyo hesabu bila wewe kujua, lakini ukienda visiwa vya pembeni inabidi uielewe mwenyewe, maana likitokea jambo hospitali kubwa iko ng'ambo ya maji.

Kabla sijaendelea, nasema kupiga mbizi na sisemi kuzamia kwa makusudi, kwa sababu bandarini mzamiaji ni yule anayejificha melini aende nchi za watu, na nishawahi kusikia mtu akihojiwa vizuri tu pale geti la bandari kwa kutumia neno hilo.

Haya tuanze na gesi. Hapa juu tulipo hewa inatukandamiza kwa kiasi fulani, tuite hicho kipimo moja. Ukishuka mita 10 maji ya chumvi yanaongeza kipimo kingine, kwa hiyo unabanwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Regulata iliyoko mdomoni kazi yake ni kukupa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyokuzunguka, vinginevyo kifua kisingeweza kufunguka. Maana yake ni kwamba ukiwa mita 30, kila pumzi unayovuta ina hewa mara nne ya ile ambayo ungevuta umekaa kwenye boti. Chukua mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200, yaani kama mara 200 ya kile kipimo chetu cha huku juu, una lita 2,400 za hewa, toa bar 50 za akiba ambazo hutakiwi kuzigusa, hizo ni lita 600, unabaki na lita 1,800. Mtu mtulivu anavuta kama lita 20 kwa dakika. Juu ya maji angekaa saa moja na nusu, mita 10 anakaa dakika 45, mita 30 dakika 22 tu. Mtungi ni uleule, mapafu ni yaleyale. Kwa hiyo mtu akikuambia mtungi mmoja unakaa saa nzima muulize saa nzima wapi, na anapumua vipi, maana mwenye wasiwasi anamaliza mara mbili ya hapo.

Hilo la hewa kuisha kila mtu analiogopa na kwenye geji, kile kipimo cha mtungi, linaonekana. Lisiloonekana ni nitrojeni. Hewa tunayovuta asilimia kama 78 ni nitrojeni, mwili hauitumii kwa chochote, inaingia inatoka. Lakini ukiwa chini, kwa kua inaingia kwa mgandamizo mkubwa, inayeyuka kwenye damu na damu inaisambaza kwenye nyama, mafuta, viungo, uti wa mgongo, kila mahali. Wale mnaojua makumbi ya nazi mtanielewa haraka. Mama zetu wanayafukia ufukweni miezi kadhaa ili yalainike wapate kusokota kamba, na maji yanaanza kulowesha nje, ndani yanafika taratibu sana, na siku ukiyafukua uyaanike, nje panakauka mchana mmoja lakini ukilikamua kumbi bado lina maji ndani kesho yake na keshokutwa. Mwili uko hivyohivyo. Damu na ubongo vinajaa nitrojeni upesi na vinaiachia upesi, mafuta na viungo vinajaa polepole na kuiachia ni kazi ya masaa mengi. Ukitoka majini ukajifuta taulo ukavaa kanzu yako ukaenda kula pweza wa nazi, nje umekauka, ndani bado umelowa.

Sasa ukipanda polepole hiyo gesi inarudi kwenye mapafu kimyakimya na unaipumua nje. Ukipanda haraka, au ukikaa chini muda mrefu kupita kiasi, inashindwa kusubiri zamu yake, inageuka vipovu palepale ilipo, kama ni kwenye bega utasikia maumivu ya bega, kama ni kwenye uti wa mgongo miguu inakufa ganzi na mkojo unagoma kutoka. Wakufunzi wanaita ugonjwa wa dekompresheni, mimi hapa nitauita ugonjwa wa mbizi.

Aliyetuondoa gizani kwenye hesabu hii ya kupanda ni John Scott Haldane, daktari wa Uingereza, na aliowatumia ni mbuzi. Aliwaweka mbuzi kwenye chumba cha chuma, akawaongezea mgandamizo, alafu akaupunguza kwa namna tofautitofauti akaangalia nani anaumwa, na mbuzi aliyepata ugonjwa alikua ananyanyua mguu wa mbele hataki kuukanyagia. Aligundua kwamba mnyama aliyezoea kipimo mbili anaweza kurudishwa kwenye kipimo moja bila dalili, kumzidishia hapo inabidi umpandishe kwa vituo. Majedwali yake ya namna ya kupanda yalichapishwa 1908, na hizo kompyuta za mkononi mnazovaa leo, pamoja na urembo wake wote, ndani yake bado kuna mawazo ya yule mzee na mbuzi zake. Ndo zinatuambia kwamba mita 18 unaweza kukaa takriban dakika 56 kwenye mbizi ya kwanza, mita 30 dakika 20, na kwamba unapopanda usizidi mita 9 au 10 kwa dakika, na ukifika mita 5 usimame dakika 3 kabla hujatoka. Watu wengi wanadhani hatari iko chini kabisa, kumbe mita 10 za mwisho ndo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote, kipovu kilichotoka mita 30 kwenda 20 kinakua kwa theluthi moja, lakini kutoka mita 10 mpaka juu kinakua mara mbili. Ndo sababu mkufunzi anakupigia kelele usizuie pumzi hata kama uko kwenye maji ya kina cha mtu mrefu, mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka ukipanda hata mita moja na nusu huku umefunga pumzi.

Naandika haya na kuna mtu namfikiria. Baba yangu mdogo miaka ya tisini alikua anashuka kutafuta majongoo ya bahari. Mnunuzi alikuja na kompresa na mitungi, akawafundisha vijana kuweka regulata mdomoni na kufungua mtungi, kwisha, hayo ndo yalikua mafunzo. Hakuna geji ya kina, hakuna saa, hakuna aliyewaambia neno nitrojeni. Mtungi ukiisha unapanda, unapewa mwingine unashuka, minne mitano kwa siku, na jinsi majongoo ya karibu yalivyokua yanaisha ndivyo walivyokua wanashuka chini zaidi. Siku hiyo alipanda kwenye boti akasema mgongo unamchoma, wakadhani ni uchovu, walipofika pwani miguu haikumbeba. Mtaani wakasema kapigwa na jini wa bahari, akapelekwa kwa mganga, akafukizwa, akasomewa, na siku zikapita ambazo zilikua ni za kupewa oksijeni. Leo anatembea na fimbo mbili. Sheria zetu za uvuvi zinakataza kuvua kwa kutumia mitungi na watu wengi wanajua sehemu moja ya sababu, kwamba mtungi unamaliza kila kitu baharini, lakini sehemu ya pili iko kwenye vibaraza vya nyumba za wavuvi, wanaume wa makamo waliokua waogeleaji hodari kuliko sisi sote. Baba mdogo nilipomueleza habari ya nitrojeni na makumbi alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza, kwa hiyo ningepanda polepole tu? Swali hilo sijawahi kulijibu vizuri.

Kwa hiyo mkinikuta nabana sana mambo ya muda mnisamehe, nina sababu.

Turudi sasa kwenye maji yenyewe, kwa sababu gesi inakuambia ukae chini dakika ngapi, lakini saa ngapi ushuke unaambiwa na mwezi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ambayo ndo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ina eneo la kilometa za mraba 822, na moyo wake kwa wapiga mbizi ni ghuba ya Chole. Ghuba hii imezungukwa na visiwa vya Chole na Juani na miamba, na maji yake yanapumua kupitia mlango wa Kinasi. Bahari kuu ikijaa, maji masafi ya buluu yanaingia kwa nguvu kupitia ule mlango. Ikipwa, maji yaleyale yaliyoshinda juu ya mchanga, majani ya bahari na mikoko yanatoka na tope lake lote, na yanatoka kuelekea nje ambako hakuna kituo mpaka huko Bahari ya Hindi iliko. Sasa wewe fikiria, ukishuka pale maji yakiwa yanaingia unaona mbali, chewa wakubwa wametulia kwenye mapango, kolekole wanapita, na ukizidiwa na mkondo unakusukuma ndani ya ghuba ambako boti inakuokota bila shida. Ukishuka maji yakiwa yanatoka huoni mita tano, na ukizidiwa unasukumwa nje. Mwamba ni uleule, tofauti ni masaa sita.

Na hayo masaa hayakai mahali pamoja. Watu wa pwani hili mnalijua toka utotoni, ila wageni wa bara naomba mnisikilize. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, pwani yetu tofauti inakaribia mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ndogo, mikondo imelala. Wakati wa bamvua maji yanakua kupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, ndo maana akina mama wa kuchokoa pweza mnawaona mbali kule kwenye mwamba muda huo, alafu yanajaa mpaka kwenye saa kumi jioni. Kwa hiyo siku za bamvua Kinasi tunakwenda mchana, na tunakwenda na watu wenye uzoefu, maana mkondo wake ni wa kweli. Wakati wa maji mafu mambo yanageuka, asubuhi ndo maji yanaingia, yamejaa kwenye saa nne, na yanaingia kwa upole. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa namshauri aje kwenye maji mafu, hata kama macho yake yataona maji yenye ukungu kidogo. Na bamvua kuna jingine dogo, pale Utende maji yakipwa yanakwenda mbali sana, boti inabaki kwenye mchanga imeegemea ubavu, kwa hiyo hata kama unataka kuondoka saa nne huondoki, utatembea na mtungi mgongoni kwenye majani ya bahari mpaka ilipo boti iliyotiwa nanga mbali.

Juu ya hayo kuna upepo. Kusi likikamata, kuanzia kama Mei mpaka Septemba, mawimbi yanapiga upande wa mashariki wa Juani na ule ukuta wa nje wanaouita Dindini haufikiki kwa usalama, tunabaki ndani ya ghuba, na ndani kunatosha. Mkondo mkubwa wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unaongeza kasi. Oktoba na Novemba bahari inalainika, ndo nje kunafunguka, na ndo wakati papa potwe wanaonekana sana upande wa pili, magharibi karibu na Kilindoni, wanakuja juu kula uduvi mpaka Februari au Machi. Watu walikua wanaamini baada ya hapo wanahama, watafiti walipowawekea vifaa vya kuwasikiliza wakakuta wengi hawaendi popote, wanahamia tu maji ya kina zaidi. Na kumwona papa potwe huhitaji mtungi, miwani na mapezi yanatosha, kumbuka hilo nitalirudia. Aprili na Mei ni masika, nyumba nyingi za wageni zinafunga, usije.

Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kawaida na matumbawe mengi ya ukanda wetu yakageuka meupe yakafa, Mafia pia, na pwani yetu kwa miaka mingi iliteswa na uvuvi wa baruti. Nilikua kijana nikiona mwamba umebaki kama uwanja wa kifusi. Ndani ya ghuba sehemu nyingine zimerudi kwa namna ambayo inanitoa machozi ndani ya maski, matumbawe madogo ya kila rangi yameota juu ya mifupa ya wazee wao.

Mnaniuliza sana kuhusu Pemba, kama ni bora kuliko Mafia. Ni tofauti na mimi nataka muelewe tofauti hiyo kabla hamjalipa. Mafia na Unguja vimekaa juu ya kibaraza cha bara, maji yake si ya kina sana. Pemba imetengana na bara kwa mfereji wenye kina cha mamia ya mita. Upande wa magharibi kule Misali na Njao unashuka ukutani, maji ni meupe kama kioo, na chini hakuna sakafu. Kwetu ghubani mchanga unakuzuia, mara nyingi ukifika mita 25 umefika. Pemba hakuna kinachokuzuia isipokua wewe, na kwenye maji yanayoona mbali macho yanadanganya, unaona kasa pale chini kidogo tu, unamfuata, ukiangalia mkononi uko mita 38. Huko nitrojeni inalevya, akili inakua nzito au inakua na furaha isiyo na sababu, na yule mtu mwenye furaha ndo anatakiwa aangalie geji. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18, cha pili mita 30, na mwisho wa mbizi za burudani ni mita 40. Hizo namba si za kukubania. Mtu wa mbizi kumi ningempeleka Mafia kwanza, alafu Pemba mwakani.

Kuna wanaotaka silikanti. Tanga kuna hifadhi yake tangu 2009, yule samaki ambaye dunia ilidhani alishatoweka enzi za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi kwenye nyavu za kina. Kwa mtungi wa kawaida humuoni. Mwaka 2000 kule Sodwana Bay, Afrika Kusini, wapiga mbizi wenye gesi maalum walimkuta kwenye mita 104, wakarudi Novemba kumpiga picha, mmoja akazimia akiwa chini, mwenzake akampandisha moja kwa moja mpaka juu kutokea zaidi ya mita 130 bila kusimama popote. Aliyemwokoa ndo aliyekufa. Hawa walikua mafundi. Nikiona mtu na cheti cha wiki moja anauliza bei ya kwenda kwa silikanti nasikia baridi.

Sasa tuje kwenye ndege, maana ndo tulikoanzia. Ukipanda juu angani mgandamizo unapungua, na lile kumbi lililolowa ndani linaona kama vile umelipandisha tena kutoka kilindini. Ndege kubwa kabini yake inawekwa kama uko mlimani, inaweza kufika mita 2,400, mgandamizo wa robo tatu ya huku chini. Hizi ndogo za Mafia hazina kabini iliyofungwa, mara nyingi haziendi juu sana, lakini rubani akikuta mawingu anapanda na hatakuuliza wewe umetoka majini saa ngapi. Taasisi ya DAN, ambayo kazi yake ni usalama wa wapiga mbizi, inashauri masaa 12 angalau kama umepiga mbizi moja tu, masaa 18 kama umepiga kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama vituo vya dekompresheni. Sisi wengi tunasema masaa 24 tumalize ubishi. Yule mgeni wangu angemaliza mbizi ya usiku saa mbili, ndege saa nne asubuhi, masaa 14, baada ya siku tatu za kushuka mara mbilimbili. Haifiki.

Ila kuna jambo ambalo hata waongozaji wenzangu wengine hawalisemi. Tunahubiri ndege ndege, kumbe mwili haujui kama umepanda kwa ndege au kwa treni. Tahadhari inaanza ukivuka kama mita 600 juu ya bahari. Mtu anapiga mbizi Watamu au Diani asubuhi, mchana anapanda SGR pale Mombasa, jioni yuko Nairobi, mita 1,700 na ushee. Au anatoka Dar na treni kwenda Dodoma, masaa machache yuko zaidi ya mita 1,100. Anayetoka Tanga kwenda Lushoto, anayerudi Arusha, anayerudi Iringa, wote hao wamepanda mlima na hawakupewa onyo lolote kwa sababu tiketi yao haikuandikwa ndege. Wahesabie masaa yaleyale. Usiku ule mkono ukianza kuuma au uchovu ukazidi kipimo watasema ni safari, na daktari wa huko asipoambiwa kwamba mgonjwa alikua chini ya bahari asubuhi hawezi hata kuota. Mwambie daktari. Hilo ni la kwanza kusema, kabla ya jina.

Na habari njema ni hii, chombo cha baharini hakina shida hiyo. Kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati unavuka juu ya maji, alafu barabara mpaka Dar ni tambarare ya pwani, kwa hiyo mbizi ya asubuhi na boti ya kesho yake haviumizani kabisa. Ukiwa na haraka ya kushuka mara moja zaidi, badilisha usafiri badala ya kumbembeleza mwongozaji, ila kama Dar unaunganisha ndege, saa inaendelea kuhesabu palepale ilipoanzia.

Kabla hujalipa popote pembezoni, iwe Mafia, Kilwa, Mtwara kule Mnazi Bay au Pemba, uliza boti ina oksijeni safi kiasi gani na itatosha mpaka ufike wapi. Chumba cha mgandamizo cha kutibu ugonjwa huu ni vifaa vya gharama, visiwa vingi havina, na kumsafirisha mgonjwa kwa ndege ni lazima iruke chini sana, kwa hiyo bima ya mbizi si anasa, hakikisha imeandika kabisa mbizi ya mitungi. Mgonjwa anapewa oksijeni, analazwa, anapewa maji kama yuko na fahamu, na harudishwi chini ya maji eti apone, hilo nimelikuta kwa wavuvi na limeua. Na kila mtu awe na boya lake la kupuliza, lile refu la rangi ya chungwa, maana kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya kusi kutoka mita 200 hukioni, boya unaliona.

Kwa hiyo mimi nikipangia mtu safari naanzia mwisho narudi nyuma. Ndege lini? Toa siku nzima. Siku hiyo nenda Juani ukaone magofu ya Kua, vuka Chole ukaone popo wakubwa wanavyolala mchana kwenye miti, kama ni msimu nenda Kilindoni kwa papa potwe na miwani yako tu. Alafu angalia mwezi, maji mafu yanaangukia wapi, mbizi za kwanza ziende huko. Mwisho ndo uangalie pepo.

Mmoja wa wale wabishi wa mbizi ya usiku, kijana wa mwaka jana, alinuna mpaka magharibi. Ilikua bamvua, maji yanapwa, kwa hiyo baada ya isha nikamwambia chukua tochi na viatu twende. Kwenye saa nne usiku bahari ilikua imerudi kule mbali, tukatembea juu ya mchanga na majani, tukikwepa matumbawe, vidimbwi vimebaki vinang'aa. Kwenye kimoja kina cha goti pweza akatoka tunduni, akabadilika rangi kahawia, nyeupe, kahawia, akajitandaza juu ya jiwe dogo kama mwavuli, akavuta, akarudi na kaa. Kijana alichuchumaa pale hata tochi alisahau kuishikilia vizuri. Saa nne asubuhi akapanda ndege yake.